Tulirudi na timu iliyofungwa

Wiki mbili zilizopita niligusia hapa habari ya watoto wa sekondari wanaobeti kwa siri. Wengi mliniandikia, na swali lililojirudia lilikuwa moja: wewe ungefanya nini kama ni mwanao? Sikujibu. Ukweli ni kwamba alikuwa ni mwanangu.

Yuko kidato cha pili, ana miaka 14. Tunaishi Korogwe. Baba yake ni dereva wa malori ya masafa, akishapakia mzigo Dar es Salaam anaweza kukaa barabarani wiki tatu, wakati mwingine mwezi. Kwa hiyo nyumbani tupo mimi, yeye na mdogo wake wa kike wa darasa la nne. Simu yangu anaijua kuliko ninavyoijua mimi. Nikiwa na mikono ya unga ndiye anayenisomea meseji, ndiye anayetuma hela nikimwagiza. Namba ya siri nilimpa mwenyewe, tena kwa kujivuna kwamba nina mtoto mwaminifu.

Siku ya kikoba nikakuta salio halitoshi. Zilikuwa zimetoka Sh24,000, kwa awamu tatu: elfu tano, elfu tisa, elfu kumi. Zote zimekwenda kwenye namba ya malipo ya michezo ya kubahatisha. Sheria inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza, lakini laini ni yangu na jina ni langu, kwa hiyo kwa hesabu za mtandao aliyebeti ni mimi.

Nilimwita. Hakubisha. Alisimama mlangoni anaangalia vidole vya miguu yake. Nikamuuliza, "Ulitaka nini, baba?" Akasema, "Basi tu." Mwenye mtoto wa umri huo anaijua hiyo "basi tu". Ni mlango umefungwa na ufunguo uko ndani.

Sikumchapa, na msinisifu kwa hilo, nilikuwa nimeduwaa. Wala sikumwambia baba yake. Nilijiambia mtu anayeendesha tani 30 usiku hapaswi kupewa habari za kumtia hasira. Sababu ya pili ni kwamba niliogopa kuulizwa nani alimpa namba ya siri.

Sasa, jirani yetu mmoja hushughulika na timu ya mtaa. Ndiye anayefua jezi na kubeba mipira. Siku ile ya Alhamisi alipita akasema Jumamosi wanakwenda Handeni, mechi ya kirafiki ya kujiandaa na ligi ya mkoa, na anayetaka kushangilia ajitafutie usafiri. Nikamtazama kijana wangu aliyekuwa amekaa barazani. Huyu mtoto anajua nani ameumia goti Arsenal na atarudi lini. Lakini mechi ya watu wazima, akiwa amekaa pembeni ya uwanja, hajawahi kuiona. Mpira wake wote uko ndani ya kioo, na ndani ya kioo hichohicho ndimo hela yangu ilimozama.

Nikamwambia, "Jumamosi tunakwenda Handeni, mimi na wewe." Alinitazama kama nimesema tunakwenda mwezini.

Kuna wenzetu duniani ambao hii ndiyo starehe yao. Uingereza kuna klabu inaitwa Ninety-Two Club, ilianzishwa mwaka 1978, na huwi mwanachama mpaka uwe umetazama mechi katika viwanja vyote 92 vya timu za madaraja manne ya juu. Wengine hawaishii hapo, wanashuka mpaka ligi za vijijini, wanahesabu viwanja kama sisi tunavyohesabu vikao vya harusi. Niliposoma habari zao nilicheka. Baada ya Handeni sicheki tena, ingawa kufikisha 92 kwa hali ya nauli zetu itabidi nizaliwe upya.

Kwetu hapa ngazi ziko hivi, kwa mzazi ambaye mpira kwake ni Simba na Yanga tu. Juu kabisa Ligi Kuu. Chini yake Championship, ile tuliyokuwa tukiiita Daraja la Kwanza. Kisha First League, yaani Daraja la Pili la zamani. Chini ya hapo unaingia mikoani: Daraja la Tatu, ambalo bingwa wake huenda kukutana na mabingwa wa mikoa mingine, na chini zaidi ligi ya wilaya. Halafu kuna ndondo, mpira wa mchangani, usiohitaji ngazi yoyote isipokuwa mtu wa kutoa mbuzi au jezi. Ngazi hizi za chini ndizo ninazoziongelea leo. Ziko karibu na nyumbani kwako kuliko unavyofikiri.

Tulipanda Noah asubuhi stendi ya Manundu. Kutoka Korogwe mpaka Handeni ni kilomita 65 za lami, unavuka Mto Pangani halafu unaiacha mikonge nyuma. Kijana alikaa dirishani na masikio yake yameziba kwa vile vidubwasha. Nusu ya kwanza ya safari hatukusema neno.

Waliosema ni wazee wawili wa kiti cha mbele, na nitawashukuru daima. Walianza kubishana kuhusu Mgambo. Kwa wasiokumbuka, Mgambo ni timu ya JKT kutoka Kabuku, wilaya ya Handeni, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2012. Msimu wa 2013/14, ule ambao Azam walichukua ubingwa, Mgambo iliwafunga Simba na ikawafunga Yanga, wote wawili kwenye uwanja wa Mkwakwani, Tanga mjini. Mzee mmoja akasema, "Ile ilikuwa timu ya Handeni." Mwenzake akamjibu, "Ya Handeni wapi, nyumbani kwao kwenyewe walikuwa wanacheza ugenini!" Ni kweli. Mwananchi wa Handeni aliyetaka kuiona timu ya wilaya yake alipaswa kupanda gari mpaka Tanga.

Wakafika mwaka 2016, na hapo sauti zikashuka kama wanaongelea msiba. Mwaka ule mkoa wa Tanga ulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo. Zikashuka zote tatu kwa pamoja. Coastal, bingwa wa nchi wa mwaka 1988, alikaa chini mpaka 2018 ndipo akarudi.

Nikaona kijana ametoa kidubwasha kimoja sikioni.

"Zote tatu?" akauliza.

"Zote tatu, mjukuu wangu," mzee akajibu. "Kama zimefungwa kamba moja."

Niwape na maneno ya kina mama, kwa sababu najua mtaniuliza. Kwanza, ratiba. Mechi za ngazi hizi hazitangazwi kwenye televisheni. Utazipata kwa mtu anayeshughulika na timu, kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, au kwa gari la matangazo linalopita sokoni, na saa ya mechi ni ya kukadiria. Tuliambiwa saa tisa, wakaanza saa kumi na dakika ishirini. Pili, choo. Hakukuwa na choo nilichokiona. Niliomba kwenye nyumba ya jirani na uwanja, mama mwenye nyumba akanielekeza kwa upole, na nilipoondoka nikanunua maandazi yake bila kubishana bei. Mkiwa na binti, hilo mlipange kabla mpira haujaanza. Tatu, kofia na maji. Kivuli ni cha miembe miwili, na wenyeji wameshakikalia.

Nne ni matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi makubwa. Yalikuwepo, sitawadanganya, hasa kwa mshika kibendera wa upande wetu, ambaye ukoo wake wote ulitajwa. Lakini mzee mmoja aligeuka akasema, "Kuna mama hapa na mtoto," na kwa muda wa dakika kumi hivi watu walimtukana mshika kibendera kwa heshima. Utani ndio ulionichekesha. Maji ya bomba la Handeni tangu zamani yanavutwa kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe. Wenyeji walipofunga goli la kwanza, shabiki wetu mmoja akapaza sauti, "Mkitufunga la pili tunafunga bomba!" Uwanja mzima ukacheka, pamoja na kipa wao.

Uwanja wenyewe una nyasi pembeni, katikati ni kipara cha udongo mwekundu. Mistari imechorwa kwa majivu. Hakuna jukwaa la maana, unasimama au unakaa kwenye ukingo, hatua mbili kutoka mstarini. Na hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho televisheni haijawahi kunionyesha: mpira una sauti. Unasikia mtu anavyohema. Unasikia mfupa ukigongana na mfupa, halafu unasikia "samahani, kaka" ya haraka haraka. Beki wetu wa kati, jitu la miraba minne, alikuwa akiongea mchezo mzima kama mama mwenye watoto sita: rudi, tazama nyuma, usilale, nakuona. Mpira ulikuwa mmoja mzuri na mwingine wa akiba uliolegea. Ule mzuri ulipoingia shamba la mahindi mchezo ulisimama, na watoto wa Handeni wakaingia kuusaka kwa furaha ambayo hailipiwi kiingilio.

Kijana wangu hakukaa nami. Alikwenda kusimama nyuma ya goli letu. Nikadhani ananikwepa. Nilinunua machungwa mawili yaliyomenywa, nikampelekea moja, akapokea bila kugeuza macho.

Goli la pili lilikuwa la aibu. Shuti la mbali, la kutambaa tu, kipa wetu akainama kuudaka, mpira ukaruka juu ya mkono wake ukaingia. Wenzake wakainua mikono kumlaumu. Mashabiki wetu, tuliokuwa kama kumi na tano, tukatoa ule mguno. Mimi pia niliguna. Tukafungwa mbili kwa sifuri.

Mchezo uliisha jua linazama, na hapa nikiri kosa langu, msilirudie. Sikuuliza gari la mwisho la kurudi ni saa ngapi. Tulipofika stendi, Noah iliyokuwepo ilikuwa imejaa mpaka kwenye buti. Nikiwa nimeshika mkono wa mtoto wa miaka 14 ambaye hataki kushikwa mkono, nahesabu hela ya gesti kichwani, ndipo ikapita Coaster ya kukodi ya timu yetu. Yule jirani akachungulia dirishani. Kocha, ambaye ni mwalimu kweli wa shule ya msingi, akasema, "Mama, pandeni, tutabanana."

Tukabanana. Vijana wakaniamkia shikamoo mmoja mmoja kutoka mbele mpaka nyuma, nikaitikia marahaba kumi na nane. Gari lilinuka jasho, udongo na dawa ya kuchua. Kabla hatujaondoka ulipitishwa mchango wa mafuta, buku buku. Wawili hawakuwa nayo. Kocha akawaandika kwenye daftari, bila neno. Nilitoa yetu nikaongeza kidogo.

Kipa alikaa peke yake kiti cha nyuma ya dereva, ameegemeza kichwa kwenye kioo. Hakuna aliyemsogelea. Kijana wangu alikuwa amesimama kwenye korido, ameshika chuma. Tulipokuwa tunakaribia Sindeni nikamsikia anasema, si kwa sauti kubwa: "Lile la pili halikuwa kosa lako. Kuna kibonde pale. Hata kipindi cha kwanza mpira uliruka hapohapo, kipa wao akaupiga teke badala ya kuudaka."

Kipa akageuka. "Ulikiona?"

"Nilikuwa nyuma ya goli."

Yule beki mkubwa, ambaye alikuwa amejifunga barafu mbili za ukwaju kwenye kifundo cha mguu kwa kitambaa, akauliza, "Dogo, unacheza wapi?"

"Shule."

"Namba ngapi?"

"Kipa."

Mimi nilikuwa viti viwili nyuma. Sikujua. Mtoto wangu analinda goli la shule na mimi sijui, na anaishi chumba cha pili.

Wakaanza kuongea watatu hao, mambo ya kusimama na kutoka, nisiyoyaelewa. Nilijua kazi zao kwa vipande vipande. Beki yuko kwenye mkonge, Jumatatu alfajiri anapaswa kuwa shambani na kile kifundo. Winga ni bodaboda na leo amepoteza hesabu ya bosi ya siku nzima. Kipa anauza vocha na chaja. Hakuna anayelipwa mshahara wa mpira pale.

Saa mbili kasoro, mtandao uliporudi, beki akatoa simu. Akaangalia. Akasema neno ambalo sitaliandika, akaniomba radhi. Mkeka wake ulikuwa umechanika. Timu tisa za Ulaya zote zimekubali, moja imesawazishiwa dakika za mwisho.

Wenzake wakacheka. Mimi nilikosa raha. Nimemtoa mtoto kilomita 65 kumtenga na mkeka, nimemleta kukaa mguu kwa mguu na mwenye mkeka. Nilikuwa karibu kusema kitu cha kizazi.

Kocha akaniwahi. "Tangu mwaka uanze umeweka shilingi ngapi?"

Beki hakukasirika. Alifikiri. "Laki tatu na kitu, mwalimu. Nilikuwa naandika, nikaacha kuandika."

"Na umepata?"

"Mara moja, elfu arobaini." Akacheka kidogo. "Mpira wenyewe haujanipa hata hiyo." Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma luku. Halafu akafungua kitambaa, akang'ata kona ya barafu iliyokuwa haijayeyuka, akaanza kuinyonya.

Kijana wangu hakucheka. Hakusema neno mpaka Korogwe.

Tulishuka Manundu yapata saa mbili na nusu, tukatembea kurudi nyumbani. Taa za maduka zinazimwa. Tulipolipita duka la dawa ndipo ufunguo ukageuka.

"Mama, nilikuwa nataka glavu."

"Glavu za nini?"

"Za kudakia. Nadaka kwa mikono mitupu. Nilidhani nikipata mara moja tu nirudishe yako kabla ya kikoba."

"Si ungeniomba?"

"Ungesema baba akirudi."

Nilitafuta jibu kutoka pale mpaka mlangoni kwetu, sikulipata. Kwa sababu ndivyo ninavyosema. Viatu, baba akirudi. Bati linalovuja, baba akirudi. Kikao cha wazazi, baba akirudi. Mtoto amejifunza kwamba nyumba hii ina ofisi moja na ofisi hiyo iko Tunduma.

Nisiwape picha nzuri kuliko ilivyo. Namba ya siri nimeibadilisha. Ile Sh24,000 anairudisha kwa kuuza mayai ya kuku wake, elfu moja kila wiki, na deni bado liko refu. Glavu tulizipata za mtumba, kidole kimoja kimeshonwa. Na wiki iliyopita nilimkuta kwa jirani, wamekusanyika wanne juu ya simu moja, na kwenye kioo nikaona majina ya timu yamepangwa mstari mrefu. Akasema anatazama tu. Nimechagua kumwamini mpaka Jumapili, nikaongeza na Jumatatu.

Baba yake alirudi Jumanne. Nilimweleza yote usiku, pamoja na habari ya namba ya siri. Alikaa kimya sana. Asubuhi niliwaona wawili wamechuchumaa kwenye tairi la lori, wanaongea, mimi niko jikoni sisikii kitu. Alipoingia ndani alikunywa chai, kisha akauliza tu, "Hao jamaa Jumamosi wanacheza wapi?"

"Mombo," kijana akajibu.

Lakini mzigo wake unaondoka Ijumaa. Kwa hiyo Mombo tunakwenda sisi, na safari hii mdogo wake naye anakuja. Yeye ameshauliza kama na huko kuna machungwa. Mimi nimeshauliza gari la mwisho ni saa ngapi.